Frederick Faust: Mtunzi wa Daktari Kildare

Ukiangalia tamthilia za hospitali kwenye runinga, kuna watu wawili ambao mara nyingi huwakosi. Wa kwanza ni daktari kijana, mwenye huruma lakini bado hajaiva kazini. Wa pili ni daktari mzee, bingwa, mkali kama pilipili, anayemgombeza yule kijana mbele ya wauguzi huku moyoni anampenda kama mwanawe. Wawili hao walipata umaarufu mkubwa kwa hadithi za mtu ambaye hakuwahi kuwa daktari, na ambaye alifariki kabla runinga haijaenea majumbani. Aliitwa Frederick Schiller Faust, ingawa wasomaji wake walimjua zaidi kwa jina la Max Brand.

Alizaliwa tarehe 29 Mei 1892 katika mji wa Seattle, Marekani, akakulia California. Alifiwa na mama akiwa mtoto mdogo, na baba naye akafariki kabla kijana hajafikia umri wa kujitegemea. Akabaki wa kulelewa na jamaa, huku akifanya vibarua kwenye mashamba na ranchi. Alifika chuo kikuu cha Berkeley, akaandika sana kwenye majarida ya wanafunzi, lakini mwaka 1915 aliondoka bila shahada kwa sababu hakuelewana na wakubwa wa chuo.

Ndoto yake ilikuwa ushairi. Tatizo ni kwamba mashairi hayakumlisha. Alianza kuuza hadithi kwa majarida ya bei rahisi yaliyolipa kwa kuhesabu maneno, na ili apate riziki ya kutosha ilibidi aandike usiku na mchana. Nyingi zilihusu wachunga ng'ombe wa magharibi ya Marekani, bunduki, farasi na mifugo iliyoibwa, mambo ambayo msikilizaji wa Tarime au Serengeti hahitaji kuelezwa sana. Alitumia majina ya bandia kama 20 hivi. Jina lake halisi, Faust, aliliweka kwenye mashairi, kwa sababu hayo ndiyo aliyoyaona kuwa kazi ya maana.

Mwaka 1921, akiwa hajatimiza miaka 30, moyo wake ulimsumbua vibaya. Tangu hapo aliishi na ugonjwa wa moyo maisha yake yote, na hakujihurumia: alikunywa pombe na kufanya kazi kupita kiasi. Kwa miaka mingi aliishi Florence, nchini Italia, na familia yake, katika maisha ya gharama kubwa. Pesa ziliingia nyingi na kutoka nyingi.

Alikuwa na rafiki wa tangu siku za chuo, George Winthrop Fish, aliyekuja kuwa daktari wa upasuaji mjini New York. Faust alimsikiliza rafiki yake akisimulia siku zake za mwanzo wodini, na kutokana na masimulizi hayo akamtunga James Kildare. Hadithi ya kwanza ilitoka mwaka 1936 katika jarida la Cosmopolitan.

Kildare ni daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo. Hapa Tanzania, mtu akimaliza miaka mitano ya kusomea udaktari hufanya mwaka mmoja wa mafunzo hayo hospitalini, chini ya macho ya wakubwa wake. Katika New York ya Faust, vijana hao karibu hawakulipwa kitu, na walikatazwa kabisa kupokea pesa. Sasa Kildare, ambaye mfukoni hana hata ya bia, anamshona mhalifu aliyejeruhiwa ndani ya baa. Baadaye analetewa pesa nyingi za shukrani. Hakuna anayemwona. Anazirudisha.

Hadithi nzima imejengwa juu ya hapo, na nadhani ndiyo maana watu waliipenda. Kila aliyewahi kumpeleka mgonjwa hospitali anajua uzito wa jambo hilo, awe upande wa anayetoa bahasha au wa anayeikataa. Na aliyeandika hayo alikuwa mtu aliyelipwa kwa kila neno.

Kampuni ya MGM ilianza filamu zake za Kildare mwaka 1938. Lew Ayres aliigiza daktari kijana, na Lionel Barrymore akawa Dokta Gillespie, yule mzee mkali. Barrymore alikuwa hawezi tena kutembea vizuri kwa maumivu ya nyonga, kwa hiyo Gillespie akawekwa kwenye kiti cha magurudumu. Katika filamu ya kwanza ya mfululizo huo, baba yake Kildare ni daktari wa kijijini anayetamani mwanawe abaki amsaidie. Kijana anachagua hospitali kubwa ya jijini. Mtu wa Nyakunguru anaweza kuiangalia filamu hiyo na kuwa upande wa baba.

Vita Kuu ya Pili iliwatawanya. Mwaka 1942 Ayres alikataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri yake. Alilaumiwa sana na akaondolewa kwenye filamu za Kildare, lakini baadaye alihudumia majeruhi vitani huko New Guinea na Ufilipino. Faust naye, mwenye miaka 51 na moyo mbovu, angeweza kukaa nyumbani na hakuna ambaye angemlaumu. Aliomba kwenda vitani kama mwandishi wa jarida la Harper's, akarudi Italia, safari hii akifuatana na askari wa miguu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1944 waliushambulia mji mdogo wa Santa Maria Infante. Vipande vya kombora vilimpiga, akafia hapo.

Kildare aliendelea bila yeye. Mwaka 1950 aliingia redioni, Ayres na Barrymore wakiigiza kwa sauti tu. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, tamthilia ya Dr. Kildare ilianza kwenye runinga ya NBC, na Richard Chamberlain akapata umaarufu mkubwa kwa kumwigiza. Iliendelea hadi 1966. Nyingine nyingi zilifuata, ikiwemo ER iliyoanza 1994, ambayo mwaka 2003 iliwapeleka madaktari wake hadi Kisangani, Kongo.

Zile hadithi za ng'ombe na bunduki bado zinachapishwa. Mashairi ya Faust yana wasomaji wachache.