Steve McQueen na magari aliyouza, kisha akayafuata

Kila mtaa una mzee mmoja wa aina hii. Siku hizi ana gari zuri, halina shida, lakini mpe kikombe cha chai tu na dakika tano. Ataanza kukuhadithia Datsun 1200 ama Peugeot 504 aliyouza zamani. Anakumbuka nambari ya usajili. Anakumbuka ni mlango gani ulikuwa unakwama na ni wimbo gani ulikuwa redioni siku ilipozima njiani Salgaa. Ukimuuliza aliiuza kwa nini, ananyamaza kidogo, halafu anabadilisha mada.

Leo nakupa hadithi ya mtu kama huyo mzee, ila huyu alikuwa mmoja wa waigizaji waliolipwa pesa nyingi zaidi duniani. Steve McQueen alifariki 1980, kwa hivyo pengine unamjua kwa picha tu: yule jamaa mwenye macho ya samawati ambaye maduka bado yanatumia sura yake kuuza saa na miwani. Sura achana nayo. Mimi nataka tumfuate kupitia magari yake, kwa sababu huko ndiko utamwona vizuri.

Alizaliwa Machi 24, 1930, Beech Grove, jimbo la Indiana, Marekani. Babake aliondoka Steve akiwa bado mchanga, na hakurudi. Mamake, Julian, alikuwa msichana mdogo aliyezidiwa na pombe na maisha, akamwacha mtoto kwa jamaa zake huko Slater, Missouri. Mlezi wake mkuu akawa Claude, mjomba wa mamake, mkulima wa nguruwe, mkali lakini wa haki. Steve alipofika miaka minne, Claude alimpa baiskeli nyekundu ya magurudumu matatu. Miaka mingi baadaye, McQueen alikuwa akisema kwamba mapenzi yake ya mashindano yalianzia kwenye hiyo baiskeli.

Hebu shikilia hiyo picha. Mtoto hana baba, mama yuko mbali, nyumba si yake. Kitu cha kwanza anachokiita changu kina magurudumu.

Shuleni mambo hayakuwa rahisi. Sikio moja halikusikia vizuri, na herufi zilimchanganya kwenye ukurasa. Mamake akaja kumchukua, wakahamia Los Angeles, na huko akakutana na baba wa kambo aliyempiga vibaya. Akatoroka, akaingia kwenye magenge ya vijana, akaiba hapa na pale. Mwishowe akapelekwa Boys Republic, shule ya kurekebisha vijana huko Chino, California. Ajabu ni kwamba hapo ndipo alipotulia. Alipokuja kuwa tajiri, aliendelea kurudi pale kukaa na wale vijana na kuongea nao, bila kuita wanahabari.

1947 alijiunga na Marines, jeshi la Marekani. Alifanya kazi na vifaru, na akijipata na makosa, alipewa kazi chafu. Kazi moja ilikuwa kwenye chumba cha injini ya meli, kutoa vifuniko vya asbesto kwenye mabomba. Hiyo kazi tutairudia.

Alitoka jeshini 1950 na kuelekea New York. Hakuwa na digrii na hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Pesa za serikali za kuwasomesha waliokuwa wanajeshi ndizo zilizomsaidia kuingia shule ya uigizaji. Wikendi alikuwa akishindana na pikipiki ili apate kodi ya nyumba na chakula. Gari lake la kwanza la starehe lilikuwa MG ndogo ya Kiingereza, iliyovunjikavunjika mpaka akachoka nayo. 1956 alimwoa Neile Adams, mcheza densi wa jukwaani ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akiingiza pesa nyingi nyumbani kuliko yeye.

Halafu ikaja 1958, mwaka ambao kila kitu kiligeuka. Alipata nafasi ya kuigiza kauboi kwenye kipindi cha runinga, Wanted: Dead or Alive, na pesa zikaanza kuingia. Si unajua kijana akishika pesa ya kwanza hufanya nini? Alinunua Porsche Speedster nyeusi, mpya, isiyo na paa la chuma. Mwaka uliofuata aliipeleka kwenye mashindano ya wanaoanza huko Santa Barbara, na akashinda.

Lakini mapenzi yenyewe yalikuwa na gari lingine, Jaguar XKSS.

Hii XKSS ina hadithi yake. Jaguar walikuwa na gari la mashindano linaloitwa D-Type, lililoshinda saa 24 za Le Mans miaka mitatu mfululizo, 1955, 1956 na 1957. Kampuni ilipojiondoa kwenye mashindano, ilibaki na magari kadhaa ambayo hayakuuzwa. Wakaamua kuyawekea kioo cha mbele, kiti cha abiria, paa la turubai na vitu vichache vya kuyafanya yakubalike barabarani. Mpango ulikuwa kutengeneza 25. Februari 1957 moto ukateketeza sehemu ya kiwanda huko Coventry, na magari tisa yakaungua pale pale. Yaliyokamilika yakawa 16 pekee. Kwa hivyo ukiwa na XKSS una gari la Le Mans lililovalishwa nguo za kwenda dukani. Bomba la moshi linapita ubavuni, karibu na mlango, na usipoangalia linakuchoma mguu. Buti hakuna. Joto la injini lote unakula wewe.

McQueen alinunua yake mkononi, kwa dola 5,000. Ilikuwa nyeupe, akaipaka kijani kibichi cha Kiingereza, na viti vyekundu akavigeuza vyeusi. Usiku alikuwa akiipeleka Mulholland Drive, ile barabara ya kona juu ya vilima vya Los Angeles. Mwaka wa kwanza tu, polisi wa trafiki walimwandikia faini nyingi kiasi kwamba alikaribia kupokonywa leseni. Hapo usimwige, tafadhali. Sote tuna rafiki ambaye picha yake ya mwisho iko na ua la maombolezo kwa sababu ya kukanyaga mafuta usiku. McQueen alikuwa na bahati kubwa kuliko busara.

Mambo yakazidi kupanda. The Great Escape ikatoka 1963. 1964 Neile alimpa zawadi ya kutimiza miaka 34: Ferrari 250 GT Lusso ya rangi ya kahawia. Ikaja Mini Cooper S, ambayo pia aliipaka kahawia, na 1968 ikaja Bullitt, yenye ile Mustang ya kijani ikirukaruka kwenye vilima vya San Francisco. Ule mkimbizano unachukua karibu dakika 11, na hauna muziki mwingi wala maneno, ni injini tu. Sehemu nyingine aliendesha mwenyewe, na zile hatari zaidi waliendesha mabingwa wa kazi hiyo, akiwemo rafiki yake Bud Ekins. Mustang yenyewe haikuwa yake, lakini iliingia moyoni.

Sasa, unaweza kusema huyu ni tajiri tu anayecheza. Basi sikiliza ya Sebring. Machi 1970, Florida, mashindano ya saa 12. Wiki mbili kabla, McQueen alikuwa amevunjika mguu wa kushoto kwenye mbio za pikipiki. Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Aliingia kwenye Porsche 908 akiwa na plasta, akashirikiana na Peter Revson, ambaye ndiye aliyeendesha saa nyingi zaidi. Walimaliza nafasi ya pili, nyuma ya Ferrari ya Mario Andretti na wenzake, kwa tofauti ya sekunde ishirini na kitu. Saa 12 nzima, halafu sekunde ishirini na kitu!

Baada ya hapo akataka kila mtu aone alichokuwa akikiona yeye akiwa nyuma ya usukani. Akaenda Ufaransa kutengeneza filamu ya Le Mans. Script haikuwa imekamilika, bajeti ikapasuka, na John Sturges, mwongozaji aliyempa The Great Escape, akafunga virago na kurudi nyumbani. Dereva David Piper alipata ajali wakati wa kurekodi na akakatwa sehemu ya mguu. Filamu ilipotoka 1971, watu hawakujaa kumbini. Kampuni yake ya filamu ikaporomoka. Ndoa nayo ikafika mwisho 1972, na tusifiche: hakuwa mume mwaminifu, na hasira zake Neile alizijua vizuri. Alikuwa na kila gari ambalo kijana angeweza kuliota, na nyumba ikamshinda.

Kati ya hayo yote, alikuwa ameanza kuuza. Speedster nyeusi ilikuwa imeenda zamani. Jaguar aliiuza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa William Harrah, tajiri wa kasino huko Nevada aliyekuwa akikusanya magari kama watu wengine wanavyokusanya stempu. Ferrari pia ikaenda. Kila moja ilikuwa na sababu nzuri, na sababu za kuuza gari hazikosi kamwe.

Halafu miaka ya 1970 akaanza kufanya jambo ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie haya. Akaanza kurudi nyuma. Speedster aliitafuta akainunua tena. 1977 alimwendea Harrah na kuirudisha ile Jaguar nyumbani. Mwaka huo huo aliandika barua kwa familia moja ya New Jersey iliyokuwa na Mustang ya Bullitt. Familia hiyo iliinunua 1974 kwa kama dola 6,000, na mama wa nyumba akawa anaiendesha kwenda kazini kama gari lolote. McQueen aliwaomba wamwachie, na akajitolea kuwatafutia Mustang nyingine kama hiyo. Hawakuuza.

Fikiria hilo. Mtu ambaye angeweza kununua gari jipya kila asubuhi anaandika barua kuomba gari la mitumba la miaka tisa. Alikuwa ametalikiwa, ameacha kuigiza kwa muda mrefu, amefuga ndevu mpaka watu wanampita bila kumjua. Nadhani, na haya ni maoni yangu tu, hakuwa akitafuta chuma. Alikuwa akimtafuta yule kijana wa 1958 ambaye ndio kwanza amepata pesa, mke yuko kando, barabara iko wazi, na hakuna kitu kilichovunjika bado. Kijana huyo hauzwi popote, kwa hivyo unanunua kile kiti alichokalia.

1979 alihamia Santa Paula, mji mdogo wa wakulima huko California. Alinunua ndege ya zamani ya mabawa mawili, akajifunza kuirusha, na kwa muda akawa anaishi ndani ya banda la ndege pamoja na Barbara Minty, aliyekuja kuwa mke wake wa tatu. Ndani ya banda kulikuwa na pikipiki kibao, pikapu kuukuu na magari ya kawaida ya zamani kama Hudson na Chevrolet, yale ambayo baba wa mtu yeyote angeweza kuwa nayo Missouri wakati Steve akiwa mtoto.

Desemba mwaka huo madaktari wakampata na mesothelioma, saratani inayoletwa na asbesto. Ndiyo, asbesto ile ile iliyowekwa kwenye mapaa ya nyumba na shule nyingi za zamani hapa kwetu. Yeye mwenyewe aliamini kwamba ilitoka kwenye ile adhabu ya jeshini. Novemba 7, 1980, alifariki huko Ciudad Juárez, Mexico, baada ya upasuaji. Alikuwa na miaka 50. Mtu aliyecheza na kifo kwenye kila kona aliuawa na vumbi alilovuta akiwa kijana.

Leo bei za magari yake zitakupa kizunguzungu. Ferrari ya Neile ilipita dola milioni 2 mnadani 2007. Ile Mustang aliyonyimwa iliuzwa Januari 2020 kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada za mnada. Watu hulipa hivyo kwa sababu mtu mmoja aliyapenda na akayatumia vibaya kwa furaha: akayachafua, akayavunja, akayatengeneza, akayaendea dukani. Kuna vijana Nairobi wanaokodisha gari saa mbili wapige picha mbele yake, halafu warudi mtaani kwa matatu. Sina ubaya nao. Ila hiyo picha haitawahi kuwaliza wakifika miaka hamsini. Ile Probox ya mjomba mliyoisukuma usiku wa mvua, nyote mkicheka, hiyo itawaliza.

Kwa hivyo ukipata gari lako la kwanza, hata kama ni Vitz yenye mlango wa rangi tofauti, liendeshe. Wapeleke wenzako Naivasha. Mpeleke mamako kanisani. Na ukifika wakati wa kuliuza, andika nambari ya simu ya mnunuzi mahali pazuri.

Ile Jaguar ya kijani sasa iko makavazi ya Petersen, Los Angeles. Mara moja moja huitoa nje na kuiwasha, ikapata hewa. Bomba bado linapita pale pale ubavuni, na ukishuka bila kuangalia, linakuchoma mguu.