Mo Amin: Mtoto wa Fundi wa Reli Aliyegeuza Kamera Kuwa Maisha Yake

Kama umekulia Kalama, reli ya zamani unaijua. Shuka milima uelekee Konza na utaipata hapo, ile ya mita moja, si SGR. Guka wako pengine alisimama kando yake akiangalia Garratt ikipanda kutoka Mombasa, na mlio wake ukisikika kabla yeye hajaiona.

Hizo chuma zilitengenezwa 34 kule Manchester, 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na zaidi ya tani 250, ikichoma mafuta mazito, na hakuna reli ya mita moja duniani iliyokuwa na kubwa kuzishinda. Ukienda Railway Museum Nairobi utapata Mount Gelai, namba 5918. Wasee hupiga selfi hapo kila wikendi bila hata kuangalia jina.

Sasa kuna msee mmoja wa kamera ambaye reli ilikuwa damu yake. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi 1943. Fathe wake alikuwa fundi wa mawe kutoka Punjab, aliyekuja huku kufanyia reli kazi. Familia ikahamia Dar, na huko dogo akajipatia kamera ya mtumba, Box Brownie. 1963, akiwa bado kijana wa miaka ishirini hivi, akafungua Camerapix. Hakungoja mtu amwajiri.

Halafu balaa zikaanza. Zanzibar walimtupa ndani karibu mwezi mzima kisha wakamfukuza, akarudi Kenya. 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, Mo alikuwa hapo na kamera yake. Oktoba 1984 akaingia Korem, Ethiopia, na Michael Buerk wa BBC, na picha zake za njaa zikafanya dunia nzima ianze kuchanga. Live Aid ya 1985 ilitokana na hiyo kazi.

Watu wengi humjua kwa Korem pekee, na mimi naona hiyo ni kumpunja. Miaka miwili tu baadaye, 1986, yeye na Duncan Willetts, na Alastair Matheson, walitoa Railway Across the Equator, kitabu kizima kuhusu reli yetu. Jiulize: msee ametoka kuona watoto wakifa, anaweza kwenda popote, anarudi kwa reli iliyomlisha fathe wake. Na muda ulikuwa umeyoyoma. Dizeli zilikuwa zishachukua kazi, moshi umebaki kwa makumbusho. Ungengoja kidogo tu, ungepiga picha kutu.

1991, ghala la silaha likalipuka Addis Ababa. Mo akapoteza mkono wa kushoto, na mwenzake wa sauti, John Mathai, akafa papo hapo. Wengi wangestaafu hapo. Yeye akawekewa mkono bandia na akarudi kazini.

Novemba 23, 1996, alikuwa ndani ya ndege ya Ethiopian iliyotekwa nyara. Mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Comoro. Kati ya watu 175, walikufa 125, Mo akiwemo na rafiki yake wa kazi Brian Tetley. Alikuwa na miaka 53.

Hicho kitabu cha reli ukikipata kwa wauza vitabu vya mtumba tao, manze usibageini sana. Lipa tu.