Abunuwasi: Mcheshi wa Hekaya Alikuwa Mtu Kweli

Nani aliyelelewa Pwani asiyemjua Abunuwasi? Ndiye aliyeazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na kijisufuria, akadai imezaa. Na alipoiazima mara ya pili akasema imekufa. Mabibi zetu walituhadithia kisa hicho usiku, tukacheka hadi usingizi ukatuchukua. Lakini ni wachache waliotwambia kwamba mtu huyo aliishi kweli. Kisa cha sufuria si chake, maana kwingine husimuliwa kuwa ni cha Juha. Kisa chake mwenyewe ni kingine, na kina uzito zaidi.

Jina lake ni Al-Hasan bin Hani. Alizaliwa Ahwaz, katika nchi ya Uajemi, katikati ya karne ya nane. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya wa Sham. Mama yake, Gulban, alikuwa Mwajemi aliyejitafutia riziki kwa kazi ya mikono. Baba alifariki mtoto angali mdogo, mama akamchukua hadi Basra.

Huko Basra kijana alitiwa chuoni akaisoma Kurani, kisha akafanya kazi kwa muuza uturi. Mchana alipima manukato, na akili yake ilikuwa kwenye mashairi. Nywele zake zilining'inia mabegani, na kwa ajili hiyo akapewa lakabu ya Abu Nuwas, yaani mwenye nywele za kuning'inia. Alikutana na malenga Waliba bin Al-Hubab, akamfuata hadi Kufa, na kwake akajifunza ufundi wa mzaha katika utunzi. Baadaye alikwenda jangwani kukaa na Mabedui ili akisikie Kiarabu kutoka vinywani mwa wenyewe.

Mwalimu wake mwingine alikuwa Khalaf Al-Ahmar, bingwa wa lugha wa Basra. Husimuliwa kwamba kijana alipomwomba ruhusa ya kutunga, Khalaf alimwamuru kwanza ahifadhi mashairi elfu moja ya watu wa kale. Akayahifadhi, akaja kuyasoma yote mbele yake. Hapo mwalimu akamwamuru ayasahau! Kijana akajitenga mpaka yakamtoka kichwani, ndipo akaruhusiwa. Iwe hadithi iwe kweli, yafaa ikumbukwe na kila anayedhani kuchekesha ni kazi ya wajinga.

Karibu na mwaka 786, Harun Al-Rashid aliposhika ukhalifa, Abu Nuwas aliingia Baghdad. Malenga wa zama hizo walikuwa na desturi ya kufungua shairi kwa kulilia magofu ya kambi alimokaa mpenzi. Yeye aliwacheka waziwazi. Alikuwa mtu wa mjini, hajaacha kambi yoyote nyuma, basi alie nini? Badala yake alisifu mvinyo, mawindo na baraza za usiku, kwa lugha iliyonyooka hata Al-Jahiz, mwanachuoni mkubwa wa Basra, akaushuhudia ujuzi wake.

Na mapenzi aliyatunga kama alivyoyahisi. Alimsifu Janan, kijakazi wa Basra, na husimuliwa kwamba alikwenda Makka kuhiji kwa kuwa bibi huyo naye alikwenda. Lakini nyingi ya tungo zake za mapenzi zilielekezwa kwa wanaume, na jambo hilo hakulificha. Alijua sheria inasemaje, maana alikuwa ameisoma. Wala hakudai kwamba haimhusu. Alijitaja kuwa mkosaji, na akamcheka mkosaji huyo kabla watu hawajamcheka.

Ulimi huo ulimgharimu. Alionja kifungo zaidi ya mara moja. Mwaka 803 Harun aliwaangusha Mabarmaki, mawaziri waliokuwa wafadhili wake, naye akakimbilia Misri. Alirudi Baghdad, na Al-Amin alipotawala, mwaka 809 hadi 813, akawa rafiki wa jumba la khalifa. Hata hivyo Al-Amin naye alimfunga kwa ajili ya mvinyo, wakati maadui walipoifanya suhuba hiyo kuwa hoja ya kumpinga khalifa.

Abu Nuwas alifariki Baghdad karibu na mwaka 814. Miongoni mwa tungo alizoacha zimo za toba, zenye unyenyekevu wa mja anayejua kwamba hana cha kutanguliza ila rehema ya Mola wake. Husimuliwa kwamba beti za namna hiyo zilikutwa chini ya mto aliolalia.

Baada yake, wanavyuoni kama Al-Suli walikaa wakazikusanya tungo zake katika diwani: za mvinyo, za mapenzi, za mzaha na za toba, zote pamoja. Hawakuyakubali yote aliyoyatenda, lakini hawakuona sababu ya kumkata mtu vipande. Baghdad ina barabara yenye jina lake kando ya mto Tigris, na mwaka 1976 shimo moja katika sayari ya Zebaki lilipewa jina lake. Lakini mwaka 2001 iliripotiwa kwamba Wizara ya Utamaduni ya Misri iliamuru maelfu ya nakala za mashairi yake yachomwe moto, kwa sababu ya yale mapenzi ya wanaume.

Sisi huku Pwani hatukuchoma kitu, lakini tulifanya jambo lisilo mbali na hilo. Tulichukua kicheko tukaacha mwenyewe. Tulibaki na mjanja wa sufuria, tukamsahau yatima wa Basra aliyehifadhi mashairi elfu, aliyependa asichoruhusiwa, na aliyeomba msamaha kwa ulimi ule ule uliochekesha watu. Msomaji utakapowahadithia wajukuu kisa cha sufuria, waongezee na hicho. Hekaya haitapungua utamu, na marehemu atakuwa amepewa haki yake.