George Washington Carver na Udongo Uliochoka

Msimu uliopita akina mama kadhaa waliniuliza kama viwanja vyetu vimelaaniwa, kwa sababu mahindi yanatoka ya njano na mafupi. Niliwaahidi kuandika habari za mtu huyu.

George Washington Carver alizaliwa karibu mwaka 1864, jirani na Diamond, jimbo la Missouri, Marekani. Mama yake Mary alikuwa mtumwa wa mkulima aitwaye Moses Carver. Wavamizi waliwateka mama na mtoto. Mtoto alirudishwa akiwa mgonjwa, na Moses akatoa farasi kama malipo kwa aliyemleta. Mama hakuonekana tena. Wengi wetu hapa hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Utumwa ulipokwisha, Moses na mkewe Susan walimlea. Alikuwa dhaifu wa mwili, hivyo alikaa karibu na nyumba akitunza maua na bustani, na majirani wakaanza kumletea mimea iliyougua. Shule ya karibu haikupokea watoto weusi, ikabidi aende Neosho. Huko mama mmoja mfua nguo, Mariah Watkins, alimpa mahali pa kulala na Biblia. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kikamkataa kilipoona rangi yake. Alizidi kuhama, akifua na kupika ili aishi, hata akapata shahada ya kilimo huko Iowa mwaka 1894, na ya pili mwaka 1896.

Mwaka huo wa 1896 Booker T. Washington alimwita kufundisha Tuskegee, Alabama. Alikuta ardhi imechoka kabisa. Watu walilima pamba mwaka baada ya mwaka, mavuno yakauzwa, hakuna kilichorudi shambani, na mvua ikaosha udongo wa juu.

Hapa tusikie vizuri. Mmea hauli udongo wenyewe. Mizizi ina vinyweleo vyembamba sana vinavyonyonya maji, na ndani ya maji hayo kuna chumvi zilizoyeyuka: nitrojeni, fosforasi, potasiamu na nyinginezo. Nitrojeni ndiyo inayofanya jani kuwa kijani. Karibu asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, lakini mahindi na pamba haviwezi kuichukua hewani. Kunde, maharage na karanga zina wasaidizi. Vijidudu huingia katika mizizi yao na kujenga vinundu. Mmea huwapa sukari, nao huugeuzia nitrojeni ya hewa kuwa chakula. Ng'oa kunde inayochanua, pasua kinundu kimoja: kikiwa chekundu ndani, kazi inafanyika.

Wanasayansi wa Ujerumani walikuwa wamethibitisha jambo hilo miaka michache tu kabla. Carver hakuligundua yeye, wala hakuvumbua siagi ya karanga kama wengi wanavyosimulia. Alichofanya ni kulipeleka kwa watu wasio na fedha ya mbolea. Aliwafundisha kupanda kunde, karanga na viazi vitamu kwa zamu na pamba, na kuchota majani ya msituni na tope la mabwawani kurutubisha mashamba. Aliandika vijitabu vyepesi, na kuanzia mwaka 1906 gari la kukokotwa na wanyama lilizunguka vijijini likiwa na zana na mbegu. Karanga zilipozidi, alitafuta matumizi yake mengi, na mwaka 1921 alizitetea mbele ya kamati ya bunge la Marekani.

Nami nikiri kosa langu. Nilipanda karanga, nikavuna, kisha nikayachoma majani yote ili kiwanja kionekane safi. Majivu hubakiza potasiamu, lakini nitrojeni nyingi huenda na moshi. Msimu huu majani nimeyarudisha na kuyafukia kabla ya mahindi. Kiwanja cha jirani yangu, aliyefanya hivyo mwaka jana, mnakiona wenyewe mkipita kwenda kisimani.

Carver hakuoa. Alifundisha Biblia kwa wanafunzi siku za Jumapili, na asubuhi na mapema alitembea msituni akiomba na kukusanya mimea. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee karibu na Booker T. Washington. Akiba yake aliiacha kwa ajili ya utafiti wa kilimo uendelee.