Emmy Noether: Mwanahisabati aliyefichua maana ya kawi

MAJI ya Mto Tana yanapofika Garsen huwa yamekwisha kufanya kazi kubwa. Yametoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, yakapitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kuzungusha mitambo inayozalisha umeme wa taifa. Garsen mto huenda taratibu ukielekea Kipini na Bahari ya Hindi, huku Wapokomo wakikuza mpunga na ndizi kandokando yake nao Waorma wakinywesha mifugo.

Ni rahisi kudhani kwamba huko juu maji hayo yalinyang'anywa kitu fulani kiitwacho kawi, au nishati, kama mzigo unavyoshushwa kwenye lori. Fizikia ya kisasa haikubaliani na dhana hiyo. Jibu lake kuhusu kawi ni nini linatokana na kazi iliyotolewa mwaka wa 1918 na mwanamke Mjerumani, Emmy Noether, ambaye wakati huo hakuwa akilipwa mshahara wowote na chuo alichokitumikia.

Noether alizaliwa Machi 23, 1882 mjini Erlangen, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Babake, Max Noether, alikuwa profesa wa hisabati. Binti huyo alifuzu kwanza kuwa mwalimu wa Kiingereza na Kifaransa, lakini moyo wake ulikuwa katika hisabati. Chuo Kikuu cha Erlangen hakikuwasajili wanawake, hivyo alihudhuria masomo kwa idhini ya wahadhiri hadi aliporuhusiwa kujiandikisha mwaka wa 1904. Mnamo 1907 alitunukiwa shahada ya uzamifu, kisha akafanya kazi katika chuo hicho kwa miaka kadhaa bila malipo.

Mwaka wa 1915 wanahisabati mashuhuri David Hilbert na Felix Klein walimwalika Göttingen. Albert Einstein alikuwa akikamilisha nadharia yake mpya ya mvutano, na wataalamu hao walitatizika kwa sababu kanuni ya kuhifadhika kwa kawi haikukaa sawasawa ndani yake. Baadhi ya maprofesa walipinga vikali mwanamke kuwa mhadhiri. Kwa sababu hiyo, masomo yake yalitangazwa kwa jina la Hilbert.

Kufikia wakati huo ilijulikana kwamba kawi haiumbwi wala haipotei, bali hubadilika sura. Tani moja ya maji ikishuka mita 100 hutoa kawi ambayo, lau ingegeuzwa yote kuwa umeme, ingewasha balbu ya wati 60 kwa takriban saa nne na nusu. Maji hayo yakiporomoka tu juu ya mawe bila kupita mtamboni, kawi iyo hiyo huwa joto, na maji hupata joto zaidi kwa karibu robo ya digrii. Kila mara hesabu husawazika.

Noether alieleza sababu ya jumla ya usawa huo. Alithibitisha kwamba pale ambapo sheria za maumbile hazibadiliki kwa mageuzi fulani endelevu, kuna kiasi fulani kisichobadilika. Sheria hizo zikiwa zile zile jana, leo na kesho, lazima kuwe na idadi inayobaki ile ile katika kila tukio. Idadi hiyo ndiyo kawi.

Hebu tuchukue mfano wa bwawa la Masinga. Iwapo mvutano wa dunia ungekuwa hafifu usiku na mkali mchana, ingewezekana kupandisha maji usiku kwa kazi ndogo na kuyaporomosha mchana kwa faida kubwa, siku baada ya siku, bila kutumia chochote. Faida hiyo haipatikani kwa sababu mvutano wa usiku ndio wa mchana. Kwa hivyo, kawi si kimiminika kinachokaa ndani ya maji. Ni hesabu inayojumuisha kimo, mwendo na joto, nayo husawazika kwa kuwa sheria hazibadiliki na wakati.

Kazi hiyo hiyo ilionyesha pia mpaka wa kanuni hii. Katika nadharia ya Einstein, anga na wakati vyenyewe hubadilika, na hivyo hesabu ya kawi ya ulimwengu mzima haina dhamana ile ile. Mwanga wa galaksi za mbali hutufikia ukiwa umepungukiwa na kawi kwa sababu anga imetanuka njiani, na hakuna mahali panapoweza kutajwa kuwa ndipo kawi hiyo ilipokwenda.

Klein ndiye aliyewasilisha matokeo hayo mbele ya chama cha wanasayansi cha Göttingen, kwa kuwa Noether hakuwa mwanachama. Mwaka wa 1919 aliruhusiwa hatimaye kufundisha kwa jina lake mwenyewe. Mnamo 1922 alipewa cheo cha profesa kisichokuwa na mshahara, na baadaye akapata malipo kidogo ya kufundisha aljebra, taaluma aliyoibadilisha kabisa.

Utawala wa Wanazi ulimfuta kazi mwaka wa 1933 kwa sababu ya Uyahudi wake. Aliendelea kuwafundisha wanafunzi nyumbani kwake, kisha akahamia Chuo cha Bryn Mawr katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alifariki Aprili 14, 1935, siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji, akiwa na umri wa miaka 53. Einstein aliandika barua katika gazeti la New York Times kumsifu. Majivu yake yamezikwa Bryn Mawr.

Hadi leo wanafizikia wanaotafuta sheria za chembe ndogo kabisa huanzia kwenye kanuni yake. Nao wahandisi wa Mto Tana, wanapokadiria umeme utakaotokana na kimo cha maji kilichopo bwawani, hutegemea jambo lile lile: kwamba maji yakishuka kesho, hesabu itakuwa kama ya leo.