Papa Yohane XXIII na Neno Lililofutwa

Katika historia ndefu na chungu ya uhusiano kati ya Wakristo na Wayahudi, Papa Yohane XXIII ana nafasi ya pekee. Angelo Giuseppe Roncalli, kwa jina la kuzaliwa, alizaliwa tarehe 25 Novemba 1881 katika kijiji cha Sotto il Monte, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima wa hali ya chini. Alipata upadri mwaka 1904.

Somo lake kubwa alilipata ugenini. Kuanzia 1935 hadi 1944 alikuwa mjumbe wa Papa mjini Istanbul. Wanazi walipokuwa wakiwaangamiza Wayahudi wa Ulaya, watetezi wa wakimbizi walibisha mlangoni pake. Aliwasaidia wengi kupata hati, akaandika barua za maombezi hata kwa Mfalme Boris wa Bulgaria.

Alichaguliwa kuwa Papa tarehe 28 Oktoba 1958, akiwa na umri wa miaka 76. Wengi walimdhania kuwa kiongozi wa mpito tu. Ijumaa Kuu ya 1959, aliamuru liondolewe neno moja katika sala ya Kilatini ya kuwaombea Wayahudi. Neno hilo, perfidis, liliweza kumaanisha wasioamini. Lakini katika tafsiri za lugha kadhaa za Ulaya liligeuka kuwa tusi la usaliti. Hapa mwanafunzi wa lugha hana budi kutua. Neno lililosomwa kila mwaka kwa karne nyingi lilikuwa limepanda dharau hata katika nyoyo za wasiojua Kilatini. Hata hivyo, ombi la kutaka Wayahudi waongoke lilisalia katika sala ile.

Tarehe 13 Juni 1960 alimpokea Jules Isaac, mwanahistoria Myahudi wa Ufaransa ambaye mkewe na bintiye waliuawa Auschwitz. Mzee huyo alimkabidhi uchambuzi wa jinsi mafundisho ya Kikristo yalivyowadunisha Wayahudi, akaomba yarekebishwe. Mwaka uo huo Papa alimtwika Kadinali Augustin Bea jukumu la kuandaa hati kuhusu suala hilo kwa ajili ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, uliofunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962.

Matunda yake hakuyaona. Aliaga dunia tarehe 3 Juni 1963. Rasimu nayo ilipingwa vikali: baadhi ya maaskofu walishikilia mafundisho ya kale, ilhali serikali za Kiarabu zilihofia kuwa ingeinufaisha Israeli kisiasa. Hatimaye, tarehe 28 Oktoba 1965, miaka 7 kamili tangu achaguliwe, tamko la Nostra Aetate lilipitishwa kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Lilikataa kuwabebesha Wayahudi wote lawama ya kifo cha Yesu, likashutumu chuki dhidi yao.

Roncalli alitangazwa mtakatifu mwaka 2014. Kwetu sisi tunaofasiri na kufundisha lugha, maisha yake yanatuachia swali zito: ni maneno mangapi tunayoyarithi na kuyarudia bila kuuliza yanamjeruhi nani?