Imam Ahmed Gurey: Shujaa wa Huku, Adui wa Kule

Ukishafuturu na kuswali tarawehe, hebu kaa kidogo tusome habari za mtu ambaye jina lake umelisikia sana hapa Garissa, lakini huenda hujapata kuelezwa maisha yake kwa ukamilifu. Naye ni Imam Ahmad bin Ibrahim al-Ghazi, tunayemwita Ahmed Gurey. Kwa Kisomali, gurey ni mtu anayetumia mkono wa kushoto. Wahabeshi nao humwita Gragn, na maana ni hiyo hiyo. Mtu ni mmoja, lakini huku husifiwa na kule hulaaniwa. Ukitaka kujua kwa nini, twende polepole.

Kwanza fahamu kwamba ugomvi baina ya wafalme wa Habasha na masultani wa Kiislamu haukuanza naye. Ulikuwepo zamani, hata habari zake zikafika Ulaya. Katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa kule Paris kipo kitabu cha kuandikwa kwa mkono, kimepambwa kwa rangi na dhahabu, kilichotengenezwa mnamo 1410 hadi 1412. Ndani yake mna safari za Marco Polo, na picha moja ni ya mfalme wa Habasha akipigana na sultani Mwislamu. Waliochora walitegemea habari za kusikia tu. Basi nasi tujihadhari: shujaa wa kwenye picha ni rahisi kumpenda, lakini mtu wa kweli ana mambo mengi.

Imam Ahmad alizaliwa karibu na mwaka 1506 katika nchi ya Adal, upande wa Harar. Alikulia wakati mgumu. Mwaka 1517 Amiri Mahfudh wa Zeila, aliyekuwa akiishambulia Habasha mara kwa mara, aliuawa vitani. Viongozi wa Adal wakaanza kupinduana wao kwa wao. Mwaka 1520 Sultan Abubakar alihamishia makao yake Harar. Ahmad, akiwa bado kijana, alipigana naye, na mwisho sultani huyo akauawa. Ahmad akamweka Umar Din kwenye kiti cha usultani, lakini nguvu zote zikawa mikononi mwake. Yeye mwenyewe hakujiita sultani, alijiita Imam. Akamwoa Bati Del Wambara, binti wa yule Amiri Mahfudh.

Jeshi lake lilikuwa la mchanganyiko: Wasomali wa koo mbalimbali, Waharla, Waafar na Waarabu. Mpaka leo watu hubishana alikuwa wa kabila gani. Ndugu yangu, ubishi huo hauna faida, manake hao wote walisimama safu moja chini ya bendera moja. Sisi tunaogawanyika kwa koo hata kwenye mambo madogo tuna la kujifunza hapo.

Machi 1529, mahali paitwapo Shimbra Kure, alikutana na jeshi la Mfalme Lebna Dengel. Jeshi la mfalme lilikuwa kubwa zaidi, lakini Imam alishinda. Kuanzia 1531 akaingia ndani ya Habasha na kuiteka mikoa mmoja baada ya mwingine. Bi Del Wambara alifuatana naye milimani, na humo humo safarini akajifungua watoto. Ilipofika 1535 jeshi lilikuwa limefika Aksum, kaskazini kabisa. Lebna Dengel akawa mtu wa kukimbia kutoka mlima hadi mlima, akafariki 1540 katika monasteri ya Debre Damo.

Sasa tufike pale ambapo wasimuliaji wengi hupapita haraka. Habari za vita hivi tunazipata katika kitabu cha Kiarabu, Futuh al-Habasha, cha Shihabuddin Ahmad, maarufu kama Arab Faqih, mwandishi wa upande wa Imam mwenyewe. Naye anaeleza waziwazi makanisa yaliyochomwa moto. Moja ni Makana Selassie, lililokuwa limepambwa kwa dhahabu na fedha. Watu wengi waliingia katika Uislamu wakati huo, wengine kwa kupenda na wengine kwa kuogopa upanga. Na katika moto ule viliteketea vitabu vingi vya Kihabeshi vilivyoandikwa na kuchorwa kwa mkono kwa miaka mingi.

Je, Uislamu unasemaje? Kumbuka kwamba Masahaba walipoteswa Makka walikimbilia Habasha hiyo hiyo, na Najashi, mfalme Mkristo, akawalinda. Kumbuka pia kwamba Sayyidna Abubakar, alipotuma jeshi Sham, aliwausia wasiwaguse watawa walio katika sehemu zao za ibada. Hicho ndicho kipimo, wala si ushabiki. Mtu hupimwa kwa dini. Dini haipimwi kwa mtu.

Mwaka 1541 Wareno 400 walishuka Massawa wakiongozwa na Cristóvão da Gama, mwana wa Vasco da Gama, yule yule aliyepita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwanzoni Imam alishindwa na kujeruhiwa kwa risasi. Akaomba msaada kwa Waturuki wa Yemen, wakamletea mamia ya watu wa bunduki. Tarehe 28 Agosti 1542 akawashinda Wareno huko Wofla. Da Gama akashikwa na kukatwa kichwa.

Na hapo ndipo kosa likatokea. Imam aliona kazi imekwisha. Akawarudisha Waturuki wengi makwao, akabaki na kama 200 tu. Mfalme mpya, Galawdewos, akajiunga na Wareno waliosalia, na tarehe 21 Februari 1543 wakamvamia huko Wayna Daga. Imam alipigwa risasi akafa. Jeshi lililoshinda miaka kumi na minne likatawanyika siku ile ile, kwani lilikuwa limemtegemea mtu mmoja. Hata waliosilimu kwa hofu, wengi walirudi walikotoka.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Muhammad, mtoto wa Imam, alitekwa na Wahabeshi. Na Minas, ndugu wa Galawdewos, alikuwa ametekwa na Waislamu tangu 1539. Mjane Del Wambara upande mmoja, na Seble Wengel, mama yake Minas, upande wa pili, walisukuma mpaka watoto wakabadilishanwa. Kila mama akampata mwanawe. Yale yaliyoshindikana kwa upanga yalifanywa na wanawake wawili waliokwisha kupoteza waume. Baadaye Del Wambara aliolewa na Amir Nur, mpwa wa Imam, aliyeujenga ule ukuta wa Harar unaosimama mpaka leo.

Kijana wangu, kutoka Garissa ukipita Wajir ukafika Mandera, ng'ambo ya mto Daua ni Ethiopia. Watu wa huko ni jirani zetu; tunauziana mifugo na nafaka. Wao wamerithi kumbukumbu yao ya Gurey, nasi tuna yetu. Ukikutana na mmoja wao, usimtambie kwa ushindi wa Shimbra Kure, wala usione haya kwa ushujaa wa mzee wetu. Mwulize kwao husimuliwa vipi, kisha umweleze ulivyosoma. Na katika usiku huu mtukufu, mwombee Imam rehema kwa mema yake na msamaha kwa makosa yake, kama utakavyopenda nawe uombewe. Ramadhan Karim.